Lubumbashi: Muuzaji wa mashini za okazioni aonyeshe kwanza hali ya batri

Mwanafunzi anayemaliza chuo kikuu hapa Lubumbashi huandika kazi yake ya mwisho usiku, maana mchana kuna masomo na kelele za nyumbani. Delestaji ikipiga saa tatu, mashini inazimika papo hapo na kurasa ambazo hazijahifadhiwa zinapotea. Katuba na Kenya jambo hili limezoeleka, na lawama zote zinaenda kwa umeme. Umeme una makosa yake, hakuna anayebisha. Lakini mashini nyingi za namna hiyo zilinunuliwa batri ikiwa imeshachoka, na mara nyingi aliyeiuza anajua.

Mashini za okazioni zinazofika mjini kutoka Ulaya ama Dubai zimeshatumika ofisini miaka kadhaa. Mnunuzi anatazama kioo, anauliza ukubwa wa diski, anajaribu kibodi, analipa dola zake. Batri haiulizwi. Muuzaji ameichomeka tangu asubuhi, inaonyesha 100%, basi. Hiyo 100% haisemi kitu. Bidoni ya lita 20 iliyojaa mawe hadi nusu nayo itaonekana imejaa ukiimiminia maji.

Batri za lithiamu zinachoshwa na matumizi: za kawaida zikishajazwa na kumalizwa kama mara 300 hadi 500, hubaki na karibu 80% ya nguvu zake za mwanzo. Zinachoshwa pia na umri. Hata isipoguswa inapungua, na joto linaharakisha. Mwezi wa kumi, mashini iliyolazwa juu ya godoro, matundu ya hewa yamezibwa, imejaa na bado imechomekwa kutwa nzima, inapikwa polepole. Kwa hiyo batri iliyokaa dukani miaka mitatu ndani ya kartoni yake si mpya, hata kama haijawahi kutumika.

Kuna mafundi wanaoshauri bado batri imalizwe hadi sifuri kabla ya kuchajiwa. Hiyo ilifaa batri za zamani za nikeli na kadmiamu. Ya lithiamu inaumizwa nayo. Kuishi kati ya 20 na 80 ndiko kunakoirefushia maisha, na mashini nyingi za Lenovo, Asus ama Dell zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye 80. Hapo mkaaji wa Katuba atacheka: nani ataacha ile 20 ya juu wakati hajui umeme utarudi lini? Ana haki. Ushauri wa watu wenye umeme saa 24 hauchukuliwi mzima mzima. Usiku wa kazi batri ijazwe, hata ikizeeka kidogo mapema.

Kuijua hali yake si kazi kubwa. Kwenye Windows, unafungua dirisha jeusi la amri, unaandika powercfg /batteryreport, na mashini inaandika ripoti. Ndani mna nambari mbili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wa leo. Ikiwa ya kwanza ni 50 000 na ya pili 20 000, umebakiwa na 40%. Mashini hiyo inaweza kununuliwa, lakini bei ya batri nyingine iondolewe hapo hapo.

Ibadilishwe lini basi? Chini ya nusu, kwa mwanafunzi asiye na gurupu wala panneau ya jua, inatosha kubadili. Mwenye ofisi yenye umeme wa kudumu anaweza kungoja. Ila ikivimba hakuna kungoja: kibodi imeinuka katikati, panya ya kidole haibonyezeki tena, mashini haikai sawa mezani. Hapo izimwe, isichajiwe, na mtu asikubali itobolewe ama ikandamizwe irudi chini. Batri hizi zikishika moto hutoa moshi wenye sumu, na nyumba nyingi za hapa watoto hulala chumba kile kile.

Linalouma zaidi ni kwamba batri nyingi hizi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, kwa wingi huko Lualaba na Haut-Katanga. Malori yanaipitisha Kasumbalesa kwenda nje. Inarudi ndani ya mashini iliyokwisha kutumikia wengine, na mtoto wa Kolwezi anauziwa kama nzima.

Ripoti inachukua dakika mbili. Muuzaji anayekataa kuifungua mbele ya mteja amekwisha kujibu swali. Na wale wanaouza batri wangepokea pia zilizokufa, wanapopokea pesa za mpya, kwa sababu sasa hivi zinatupwa kwenye lundo la takataka mtaani, mahali ambapo jioni mtu huwasha moto.