Kitenzi kinachokatika pande mbili: Mtihani wa kwanza wa Mkenya aendaye Ujerumani

TANGU Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji na ajira jijini Berlin mnamo Septemba 13, 2024, mjadala humu nchini umetawaliwa na idadi. Ni Wakenya wangapi watakaopata kazi? Katika sekta zipi? Kwa ujira gani? Swali ambalo halijapewa uzito unaostahili ni la lugha, na hasa la muda na jasho linalohitajika kabla ya kijana wa Kakamega, Kitui au Kilifi kuweza kujieleza mbele ya karani wa Kijerumani.

Uzito wa swali hilo unaweza kupimwa kwa kitenzi kimoja tu. Kitenzi chenyewe ni "sich anmelden", yaani kujisajili au kujiandikisha. Mwanafunzi hukutana nacho akiwa bado katika ngazi ya kwanza, A1, na hakimwachi mkono tena. Hujisajili kwa kozi, akajisajili kwa mtihani, na akifika Ujerumani sharti ajisajili katika ofisi ya wakazi kabla hata hajazoea baridi ya huko.

Ikumbukwe kwamba mkataba huo, uliotiwa saini na Mkuu wa Mawaziri Musalia Mudavadi na aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani wa Ujerumani, Bi Nancy Faeser, mbele ya Rais William Ruto na aliyekuwa Kansela, Bw Olaf Scholz, haukutaja idadi yoyote ya nafasi. Taarifa zilipoenea kwamba Wakenya 250,000 wangepokelewa, wizara ya Bi Faeser ilizikanusha hadharani na kusema kuwa mkataba haukuwa na idadi wala mgao. Ulichofanya ni kurahisisha njia kwa wenye ujuzi, na wakati huo huo kurahisisha kurejeshwa nyumbani kwa wasio na haki ya kukaa.

Kwa maneno mengine, mlango umefunguliwa lakini kila mtu ataupitia kwa sifa zake mwenyewe. Miongoni mwa sifa hizo, lugha ndiyo inayowakwamisha wengi.

Viwango vyenyewe vinajulikana. Kadi ya fursa, ambayo Ujerumani ilianza kuitoa Juni 1, 2024 kwa wanaotaka kwenda kutafuta kazi, inahitaji angalau Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha B2. Vijana wanaoomba mafunzo ya kazi, yale yanayochanganya darasa na kazi yenyewe, kwa kawaida hutakiwa kuwa na B1. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe kikamilifu kwa kawaida hutakiwa kufika B2. Taasisi ya Goethe hupendekeza vipindi kati ya 600 na 800 vya dakika 45 ili kufikia ngazi hiyo. Huo si muda wa likizo moja ya Agosti.

Ni katika vipindi vya mwanzo kabisa ambapo "anmelden" humchezea mwanafunzi shere.

Katika kamusi, kitenzi hicho huandikwa kama neno moja. Kikiingia katika sentensi ya kawaida ya wakati uliopo, hukatika pande mbili. Shina "melden" hushika nafasi ya pili, nacho kipande "an" hutupwa mwisho kabisa. Anayesema "Ninajisajili" husema "Ich melde mich an". Anayesema "Ninajisajili kwa mtihani kesho" husema "Ich melde mich morgen für die Prüfung an". Maneno mengine yote yameingia katikati, na kile kipande kidogo kinasubiri kufunga mlango.

Kwa mzawa wa Kiswahili, jambo hili ni geni. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mizigo yake yote ndani ya neno moja. Katika "nimejisajili" mna mtenda, wakati, kujirejea na tendo lenyewe, wala hakuna awezaye kulichomeka neno jingine katikati. Aidha, Kiswahili humfichulia msikilizaji mengi mapema. Asikiapo "sija-" hujua papo hapo kwamba msemaji ni nafsi ya kwanza na kwamba tendo halijafanyika. Mjerumani, kwa upande wake, anaweza kumsubirisha msikilizaji hadi silabi ya mwisho.

Kusubiri huko kuna gharama. "Ich melde mich an" ni kujisajili. "Ich melde mich ab" ni kujiondoa katika sajili. "Ich melde mich um" ni kubadilisha anwani iliyosajiliwa. "Ich melde mich krank" ni kumjulisha mwajiri kwamba mtu ni mgonjwa. Na asemaye "Ich melde mich" akaishia hapo, bila kipande chochote, amesema tu kwamba atawasiliana. Mtu aliyenuia kujisajili kwa kozi kwa njia ya simu, akakisahau kile kipande, anaweza kukata simu akidhani amemaliza kazi ilhali aliyempokea anasubiri apigiwe tena.

Ugumu hauishii hapo. Kikitanguliwa na kitenzi kisaidizi, "anmelden" huungana tena na kwenda mwisho wa sentensi, kama katika "Ich muss mich anmelden", yaani ni lazima nijisajili. Katika wakati uliopita, silabi "ge" hujipenyeza kati ya vipande viwili na kuzaa "angemeldet". Aliyesahau kujisajili husema "Ich habe vergessen, mich anzumelden", na safari hii ni "zu" iliyojipenyeza. Kitenzi kimoja kina sura nne, na kila sura ina mahali pake.

Halafu kuna suala la mkazo. Katika Kiswahili, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mkenya anayelisoma neno hili kwa mazoea ya lugha yake huuweka mkazo kwenye "mel". Katika Kijerumani huwekwa kwenye "an". Hili si pambo la matamshi. Mkazo ndio unaomwambia mwanafunzi kama kitenzi kinakatika au hakikatiki. Katika "sich bewerben", yaani kuomba kazi, mkazo hauko kwenye "be", na kwa hivyo kitenzi hicho hakivunjiki kamwe. Mtu husema "Ich bewerbe mich" na kazi ikaisha. Anayeyachanganya mawili haya huanza kukata kisichokatika na kuacha kizima kinachopaswa kukatwa.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kudhani kwamba Mkenya huingia darasani mikono mitupu. Kiswahili kimempa nyenzo mbili ambazo walimu wengi hawazitumii.

Ya kwanza ni kiambishi "ji". Kijerumani kinadai kwamba anayejisajili ajitaje kwa neno la pembeni, nalo hubadilika kulingana na nafsi: "mich" kwa anayesema, "dich" kwa anayeambiwa, "sich" kwa anayetajwa, "uns" kwa wengi wanaosema. Wanafunzi wanaolisahau neno hilo ni wengi, kwa kuwa huwaza kwa Kiingereza, lugha ambayo hailihitaji hapa. Lakini anayewaza kwa Kiswahili anajua fika kwamba kusajili si kujisajili. Mzazi humsajili mtoto shuleni. Mpiga kura hujisajili. Kijerumani kina tofauti iyo hiyo. "Ich melde meinen Sohn an" ni namsajili mwanangu. "Ich melde mich an" ni najisajili. Tofauti ni kwamba "ji" ya Kiswahili haibadiliki kwa nafsi yoyote.

Nyenzo ya pili ni mnyambuliko. Mswahili amezoea kuona shina moja likizaa maana nyingi kwa kuongezewa kipande kidogo: andika, andikia, andikisha, jiandikisha. Kuona "melden" ikizaa "anmelden", "abmelden" na "ummelden" hakupaswi kumshangaza. Kinachotofautiana ni mahali pa kipande. Somo likianzia hapo, badala ya kuanzia kwenye sarufi ya Kiingereza iliyotafsiriwa, huenda safari ikafupika.

Mtihani wenyewe wa A1 unaonyesha kwa nini haya si ya vitabuni tu. Sehemu ya kuandika humtaka mtahiniwa ajaze fomu, kisha aandike ujumbe mfupi. Walioutunga walijua kwamba mgeni hukutana na fomu kabla ya kukutana na jirani.

Na ndivyo ilivyo. Chini ya sheria ya usajili wa wakazi iliyoanza kutumika nchini Ujerumani Novemba 1, 2015, anayehamia katika makao mapya ana wiki mbili za kujisajili katika ofisi husika, akiwa na hati kutoka kwa mwenye nyumba inayothibitisha kwamba amehamia humo. Anayechelewa anaweza kutozwa faini ya hadi yuro 1,000. Baada ya kujisajili ndipo nambari ya kodi hutumwa kwa posta kwenye anwani yake. Bila cheti cha usajili, kufungua akaunti ya benki huwa kibarua kigumu, na bila nambari ya kodi mwajiri huweza kumkata mshahara kwa kiwango cha juu zaidi. Akihama, ajisajili upya. Akiondoka nchini, ajiondoe.

Hapa ndipo hatari ilipo kwa vijana wetu. Asiyeelewa anachotia saini humtegemea anayejidai kuelewa. Tayari Wakenya wengi wamewahi kulipia kazi za ng'ambo ambazo hazikuwepo, na biashara hiyo hustawi palipo na pengo la maarifa. Wakala anayeahidi safari ya Ujerumani bila kutaja ngazi ya lugha inayohitajika anapaswa kutiliwa shaka kabla hajapewa hata shilingi moja. Hali kadhalika, darasa linaloahidi B2 kwa miezi miwili mitatu linauza ndoto.

Historia nayo ina kejeli yake. Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, akajifunza Kiswahili kwa wenyeji, na kamusi yake ikachapishwa London mwaka wa 1882, baada ya kifo chake. Mnamo 1887, chuo cha lugha za mashariki kilifunguliwa Berlin, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo, wakati Ujerumani ikijitanua katika Tanganyika. Serikali ya huko ilitambua mapema kwamba hakuna linalofanyika katika nchi ya watu bila lugha ya watu, na ikagharimia walimu. Neno "shule" tunalolitumia kila siku ni masalio ya enzi hiyo.

Leo mwelekeo umegeuka, lakini mzigo umebebwa na mwanafunzi binafsi. Ujerumani inawahitaji wafanyakazi kwa kuwa kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kinastaafu. Kenya ina vijana waliosoma na wasio na ajira. Pande zote mbili zina maslahi katika mpango huu. Hata hivyo, karo ya kozi, ada ya mtihani na miezi ya kusoma bila mshahara hutoka katika mfuko wa familia, mara nyingi kwa mkopo au kwa kuuza kipande cha shamba.

Iwapo serikali inakusudia mkataba wa Berlin uwafae watoto wa wanyonge na si wa wenye nacho pekee, yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Vyuo vya kiufundi vya umma vilivyo katika kaunti vinaweza kufundisha Kijerumani sambamba na useremala, umeme na uuguzi. Walimu wanaweza kuandaliwa kufundisha kupitia Kiswahili. Wizara ya Leba nayo inaweza kutangaza kwa lugha inayoeleweka ni ngazi ipi inayohitajika kwa kazi ipi, ili asiwepo wa kuitumia siri hiyo kuvuna pesa.

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana wengi wako tayari kuinama. Wanachohitaji ni kuambiwa ukweli kuhusu urefu wa safari kabla hawajalipa nauli, na ukweli huo huanza na kitenzi kisichokamilika hadi silabi yake ya mwisho itamkwe.