Moto wa Kasigau na Ukimya wa Filamu

Mapema katika The African Queen (1951), filamu ya John Huston, askari wa Wajerumani wanachoma kijiji na kuwaswaga wakazi wake. Mtazamaji anafundishwa kwamba ukatili ni tabia ya adui. Lakini mwaka 1915, kusini mwa Voi, jeshi la Waingereza ndilo lililochoma vijiji vya Kasigau na kuwahamishia wakazi wake Malindi kwa tuhuma za kuwasaidia Wajerumani. Wengi walifia huko kwa njaa na maradhi.

Wapo wanaodai kwamba msanii si mwanahistoria. Dai hilo halina mashiko. Kubuni ni kuchagua. Na uchaguzi unaomtwika adui peke yake kosa la pande zote mbili si ubunifu bali ni utetezi. Hata Platoon (1986), inayothubutu kuwaonyesha wanajeshi wa Marekani wakiua wanakijiji wa Vietnam, inashughulikia zaidi dhamiri ya askari kuliko msiba wa aliyeuawa. Mwathiriwa anabaki kuwa mandhari tu.

Uhakiki unaosifu fani ya filamu hizi bila kuhoji maudhui yake unashiriki ukimya huo. Kasigau haihitaji huruma ya kamera. Inahitaji kutajwa pamoja na aliyeiwasha moto.