Rureke naye ni mwandishi

Mtu akitutaka sisi wanafunzi wa lugha tutaje waandishi Weusi wa siku hizi, hatukosi majibu. Tutaanza na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Tutamfuatisha Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025. Kisha tutajivunia wa nchini mwetu: Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi na riwaya yake Tram 83, na In Koli Jean Bofane. Orodha hiyo ni nzuri na sitaki kumwondoa hata mmoja. Ninachodai ni kwamba haitatimia mpaka tumwandike ndani yake mtu wa hapa Kivu Kaskazini ambaye hakuandika kitabu kwa mkono wake: Candi Rureke, mtambaji Mnyanga wa Walikale.

Mwaka 1956, Kongo ikiwa bado chini ya Wabelgiji, mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck alimsikiliza Rureke akitamba utendi wa Mwindo. Kazi hiyo ilichukua siku 12. Rureke alisimulia, akaimba, akacheza na kuigiza, huku wasaidizi wake wakipiga vijiti na kuitikia, na makarani wakiandika kila walichokisikia. Kabla ya hapo hakuwahi kuutamba utendi wote mfululizo namna hiyo. Kwa kawaida hadhira ilichagua sehemu iliyotaka kuisikia jioni ile. Mwaka 1969 matini ya Kinyanga na tafsiri yake ya Kiingereza vilitolewa Marekani na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye mwenyewe ni Mnyanga, na ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala.

Tangu hapo Mwindo amesafiri sana. Anasomwa katika vyuo vya Marekani pamoja na mashujaa wa Ugiriki ya kale, na hadithi yake imeandikwa upya kwa ajili ya watoto wa huko. Lakini tunapoitaja kazi hiyo katika tasnifu zetu tunaandika nini? Tunaandika "Biebuyck na Mateene, 1969". Wahariri wale hawakumficha Rureke: walimtaja na wakaeleza jinsi alivyofanya kazi. Sisi wasomaji ndio tuliomwacha njiani. Tumezoea kumwona mtambaji kama mtungi wa maji na mwenye kalamu kama mwenye kisima.

Najua hoja itakayotolewa. Wapo watakaosema kwamba utendi ni mali ya kabila zima, Rureke aliupokea kwa wazee na kuupitisha tu, kwa hiyo hawezi kuitwa mtunzi. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu ni kweli kwamba alijifunza kwa kumfuata mtambaji aliyemtangulia. Hata hivyo, Biebuyck mwenyewe alitoa kitabu kingine mwaka 1978 chenye tendi nyingine za Wanyanga kutoka kwa watambaji wengine. Ukizilinganisha na ya Rureke utaona kwamba shujaa anaweza kuwa yuleyule lakini safari zake, maadui zake na mwisho wake vikawa tofauti. Kama kila mmoja angekuwa anarudia tu alichopewa, tofauti hizo zingetoka wapi? Tena katika nyimbo zake Rureke anamsemesha karani anayeandika, anamhimiza aende mbele. Mtu anayeweza kumwingiza karani ndani ya kazi yake anajua vizuri kwamba kazi ni yake. Wanyanga wenyewe walilielewa jambo hili: mtambaji wa utendi huitwa She-karisi, yaani baba wa karisi, na karisi ni utendi wenyewe na pia ni roho inayomtaka mtu autambe. Jina hilo limekuwapo kabla yetu, nasi bado tunabishana kama anastahili kuitwa mtunzi.

Na tuangalie alichotunga. Shemwindo, mwami wa Tubondo, anaamuru wake zake wazae wasichana tu. Mwindo anazaliwa kwa hiari yake mwenyewe, akitembea na kusema, usinga wake mkononi. Baba anajaribu kumuua, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto anafika kwa shangazi yake Iyangura, anapata msaada wa wajomba zake, anaishinda Tubondo, na anamfuata baba yake hadi kuzimu. Hapo msomaji wa tendi nyingi atangoja kisasi. Badala yake Mwindo anamrudisha baba yake hai, anawafufua kwa usinga wake watu wa Tubondo waliokufa katika vita, baba anakiri kosa lake mbele ya watu wote, na utawala unagawanywa. Baadaye shujaa huyuhuyu anayejisifu kupita kiasi anapandishwa mbinguni, anateswa kwa mvua, baridi na jua, kisha anarudi mtu mnyenyekevu mwenye sheria za kuwafundisha watu wake.

Nauliza: ni watu wangapi wa Masisi na Walikale wanaoijua hadithi hii kutoka mwanzo hadi mwisho? Dunia inaijua Masisi kwa koltani ya Rubaya na inaijua Walikale kwa kasiteriti ya Bisie. Mawe yetu yana bei inayotangazwa kila siku. Januari 2025 mapigano yaliifikia Masisi-Centre, na Machi mwaka huohuo M23 wakaingia mji wa Walikale kabla ya kuondoka mwezi uliofuata. Watu wamehama mara mbili, mara tatu. Kijiji kinapohama watu hubeba magodoro, sufuria na watoto. Barza, mahali ambapo wazee walikaa jioni na vijana wakasikiliza, haibebeki. Mzee anayelala katika nyumba ya jamaa mjini, chumba kimoja na watu wanane, hana mahali pa kutambia wala hana wa kumwitikia. Akifa hapo, kinachopotea ni kazi ambayo hakuna mwingine angeitunga jinsi alivyoitunga yeye.

Ndiyo maana sherehe ya waandishi Weusi katika kitivo chetu isiwe ya kusoma majina na kupiga makofi. Waandishi tunaowasifu wenyewe wamechota kwa watambaji. Ngũgĩ alitoa mwaka 2018 utendi kwa Kikuyu, Kenda Mũiyũru, juu ya mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi. Akautafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, na mwaka 2021 tafsiri hiyo ikaingia katika orodha ya kwanza ya tuzo ya kimataifa ya Booker. Hakuna aliyesema kwamba si mwandishi kwa kuwa hadithi ya mabinti wale ilikuwapo kabla yake. Kwa nini basi kipimo kibadilike tunapofika kwa Rureke?

Mfano mwingine uko karibu zaidi nasi. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Kikerewe juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Haikuchapishwa mpaka mwaka 1980, kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, naye akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35 ilipita kwa sababu lugha yake ilihesabiwa kuwa ndogo mno. Leo wasomaji wa Kiswahili wanaijua Ukerewe ya zamani kwa sababu hatimaye mlango ulifunguliwa. Wanyanga hawajafunguliwa mlango huo: utendi wao unapatikana kwa Kiingereza kwa urahisi kuliko kwa lugha ambayo Mnyanga, Mhunde, Mtembo na Mnyarwanda wa Masisi wanaitumia wanapokutana sokoni.

Wengine wanahofia kwamba Kiswahili kitakimeza Kinyanga. Hofu hiyo ni ya haki, kwa hiyo kazi ifanywe kwa kurasa mbili zinazotazamana, Kinyanga upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na tafsiri itoke katika Kinyanga chenyewe, si katika Kiingereza cha mwaka 1969. Wasemaji wa Kinyanga tunao humu darasani. Matini ipo. Kinachokosekana ni uamuzi.

Napendekeza mambo matatu kwa walimu wetu na kwa wanafunzi wenzangu. Kwanza, kuanzia mwaka huu tasnifu inayotaja utendi huu iandike jina la Rureke mbele, kisha majina ya walionakili na kutafsiri. Pili, semina moja ya tafsiri ichukue sehemu ya Mwindo kila mwaka mpaka utendi wote upatikane kwa Kiswahili. Tatu, mwanafunzi wa kutoka Masisi au Walikale anayetafuta mada ya utafiti aende kwa wazee waliokimbilia mjini, wawe wasemaji wa Kihunde, Kinyanga, Kitembo au Kinyarwanda, aombe ruhusa, aandike jina la kila mtambaji kama atakavyo mwenyewe, na amwachie yeye na jamaa zake nakala ya kile alichosema. Hakuna haja ya fedha nyingi. Simu ya mkononi hurekodi, na daftari bado linauzwa.

Mateene alionyesha kwamba Mnyanga anaweza kuketi upande wa wasomi bila kuiacha lugha ya mama yake. Rureke alionyesha kwamba anaweza kuketi upande wa watunzi bila kushika kalamu. Kitivo cha lugha kilichojengwa katika mkoa wao kinapaswa kuwajua wote wawili, na kuwajua kwa majina.