Tumekua kwa Umri. Je, Tumekua kwa Imani?



Ndugu wapendwa, juma hili napenda tutafakari jambo ambalo ni nadra kulitaja kanisani, nalo ni ukuaji. Mwili hukua wenyewe, tutake tusitake. Elimu tunaigharamia, mzazi yu tayari kuuza shamba ili mwanawe afike chuo kikuu. Lakini imani ya wengi wetu ilisimama siku ile Askofu alipotupaka Krisma. Mafundisho yakaisha, cheti cha Kipaimara kikafungiwa sandukuni, nayo imani ikafungiwa humo humo.

Matokeo tunayaona. Mhasibu mwenye shahada, au mama aliyelea watoto sita, anamwendea Mungu kwa fikra za mtoto wa miaka kumi na miwili. Mambo yakiwa shwari, upungufu huo hauonekani. Lakini yakija maradhi yasiyopona, au msiba wa ghafla, imani ya kitoto haiwezi kulibeba swali la mtu mzima. Hapo wengine huacha kusali kimyakimya, na wengine humkimbilia yule anayeuza maji na mafuta ya miujiza. Sisi huwalaumu kwa kuhama. Mimi naona tujiulize kwanza tuliwalisha nini walipokuwa nyumbani.

Wako wanaosema kwamba kukua kiroho ni kazi ya mapadre na watawa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Lumen Gentium ya mwaka 1964, ulifundisha kinyume: wabatizwa wote, kila mmoja katika hali yake ya maisha, wameitwa kwenye utakatifu. Tena Mwinjili Luka hasiti kusimulia kwamba Yesu mwenyewe, pale Nazareti, alikua, si kwa mwili tu bali pia kwa hekima. Ikiwa Mwana wa Mungu alikubali kukua, sisi ni nani hata tujione tumekwisha kufika?

Wengine husema, «Samaki mkunje angali mbichi», mimi nimekwisha kukauka. Hao napenda wamtazame Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwaka 1521, akiwa askari mpenda sifa, alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga huko Pamplona. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa. Hazikuwamo nyumbani, akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na cha maisha ya watakatifu. Akagundua kwamba ndoto za sifa zilimfurahisha kisha zikamwacha mkavu, bali mawazo ya kumfuata Kristo yalimwachia amani. Kukua kwake kulianza hapo, kwa kuangalia kwa makini yaliyokuwa yakipita moyoni mwake. Na mwaka 1524, akiwa na miaka zaidi ya 30, alikaa darasani Barcelona pamoja na wavulana wadogo kujifunza Kilatini. Hakuona aibu.

Katika Mazoezi ya Kiroho, kitabu kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, Inyasi alituachia njia ya kuchunguza dhamiri yenye hatua tano: kumshukuru Mungu, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, na kukusudia kujirekebisha. Robo saa inatosha, na haihitaji nauli wala mchango.

Naipendekeza njia hii kwa sababu inatuzuia kujidanganya. Tunapenda mikesha na semina, nazo ni njema, huwasha moto. Lakini moto usiochochewa huzimika. Mtu anaweza kulia machozi katika mkesha wa Ijumaa, na Jumatatu akamnyima mtumishi wa nyumbani mshahara wake wa miezi miwili. Mkesha haukumwuliza juu ya mshahara huo. Uchunguzi wa jioni utamwuliza. Kwa maoni yangu, ukuaji wa Mkristo hupimwa hapo: je, deni nililolikwepa mwaka jana nimelilipa? Je, ndugu niliyemnunia nimekwisha kumsalimu?

Neno langu la mwisho ni kwa Jumuiya zetu. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, walipozipa Jumuiya Ndogo Ndogo kipaumbele katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, walitaka waamini waishi imani yao kijirani, karibu na makazi yao. Leo baadhi zimegeuka meza za kukusanyia michango: Injili dakika tano, daftari la fedha nusu saa. Michango ni halali, na paa la kanisa halijijengi. Lakini Jumuiya isiyomsaidia mwanajumuiya kukua imepoteza kiini chake. Viongozi, ligeuzeni daftari hilo: fedha zichukue dakika tano, Neno la Mungu lichukue nusu saa.

Basi juma hili, kila jioni kabla ya kulala, tuzime redio na televisheni, tuipitie siku yetu mbele za Mungu. Tusitazamie makubwa usiku wa kwanza. Haba na haba hujaza kibaba.

Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki nyote.