Sare Haidai Deni

Askari wa Budondo aliyedunduliza mshahara wake akanunua jokofu katika duka kubwa mjini Jinja, nalo likafa kabla ya mwezi kwisha, ana hasira ya halali. Lisilo halali ni kuvaa sare, kuchukua wenzake wawili na kwenda kumtisha meneja. Siku hiyo mwenye haki hugeuka mshitakiwa, na jeshi zima likachafuka jina kwa ajili ya jokofu moja.

Polisi naye ana mtego wake. Deni ni jambo la madai, si la jinai. Afisa anayemtia mtu mahabusu ili alipe deni la rafiki yake hatendi haki. Anaikodisha sare ya taifa.

Njia ya haki ipo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 yamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi yake. Lakini mali bila daftari huisha bila habari. Hivyo basi, la kwanza ni kutunza risiti na hati ya dhamana. La pili ni barua ya madai, yenye kutaja siku ya ununuzi, kasoro na kiasi kinachodaiwa. Nakala yake itiwe sahihi na aliyeipokea. La tatu ni kujua jina la kampuni lililosajiliwa, kwani jina la kwenye kibao cha duka huenda lisiwe hilo.

Kanuni za Madai Madogo za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha shilingi 10,000,000. Humo mdaiwa hupewa kwanza siku 14 za kulipa. Akikaidi, mdai husimama mwenyewe mbele ya hakimu, bila wakili. Dai kubwa zaidi hufunguliwa kwa hati ya madai, na mahakama hutoa samansi. Samansi hiyo yapasa kufikishwa katika siku 21, kwa katibu, mkurugenzi au afisa mkuu wa kampuni, au katika ofisi yake iliyosajiliwa. Kumwachia mpokea fedha wa kaunta hakutoshi. Tangu hapo kampuni ina siku 15 za kuleta utetezi. Ikinyamaza, mdai aweza kuiomba mahakama iendelee bila yake. Ikijitetea, upatanishi hutangulia, kisha ushahidi na hukumu. Na hukumu ikishatoka, anayeikazia ni dalali wa mahakama, wala si kikosi cha marafiki.

Kwa madai ya mkataba sheria yatoa miaka 6. Asidanganyike mtu kwa wingi wa miaka hiyo. Oktoba 2015 kampuni ya Uchumi ilifunga maduka yake ya Uganda. Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Kampuni ikifilisika, wakopeshaji wenye dhamana hutangulia, na mwenye risiti moja husubiri nyuma kabisa. Sheria yaweza kumngoja mdai; duka halimngoji.

Kuna adui mwingine wa askari mdai, naye ni uhamisho. Kesi yatajwa Jinja, mwenyewe yuko mpakani au Somalia. Mdai asipofika mahakamani, kesi yake yaweza kufutwa. Hivyo anayepata amri ya safari aiarifu mahakama mapema kwa maandishi, au amkabidhi wakili shauri lake.

Nao makamanda wana wajibu. Askari mwenye tarehe ya kesi aleta karatasi ya mahakama, si kisingizio. Apewe ruhusa ya siku hiyo, pale kazi inaporuhusu. Mkubwa anayemnyima ruhusa bila sababu asishangae akisikia kesho kwamba kijana wake ameonekana dukani na bunduki. Anayefunguliwa mlango wa mahakama hana haja ya kuvunja mlango wa duka.