Daftari la Wiki: Anga la West Nile, Uganda

Jumatatu, Arua. Umeme ulikatika saa mbili usiku, nyota zikajaa juu ya mabati. Kompyuta ilikuwa bado na chaji, nikafungua Stellarium, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau. Ikishawekwa haidai intaneti. Ukiiambia uko Arua, inakuchorea anga la Arua la saa hiyo hiyo. Niliibeba uani, nikalinganisha nyota moja moja. Hapo ndipo somo linapoanza: nje, si kwenye kioo.

Jumatano, Koboko. Mji huu uko digrii tatu na nusu hivi kaskazini mwa ikweta, na Nyota ya Kaskazini inasimama kimo hicho hicho juu ya upeo: vidole viwili vya mkono ulionyooshwa. Mti mmoja unatosha kuificha. Ukigeuka kusini, jioni za Mei na Juni unaupata Msalaba wa Kusini. Mtoto wa London haoni Msalaba kwao, wala wa Cape Town haoni Nyota ya Kaskazini. Wa Koboko amepewa vyote.

Ijumaa. Nilirudisha tarehe ya Stellarium hadi 3 Novemba 2013, mahali Pakwach, saa 11:22 jioni. Mwezi ukalifunika jua, anga likawa jeusi, Zuhura ikang'aa juu kusini-magharibi. Siku ile dunia ilikuja kwetu kutazama giza lisilofika nusu dakika. Watoto waliozaliwa baadaye sasa wanaweza kuliona darasani.

Jumapili. Waswahili waliita kundi moja la nyota Kilimia, kwa kuwa liliwaongoza katika kulima. Wazee wa Kilugbara na Kikakwa nao wana anga lao. Stellarium inaruhusu jamii kuongeza maumbo na majina yake ya nyota. Tuwaulize wazee wetu mapema, tuandike.

Siku ya Jumatatu, 2 Agosti 2027, jua litapatwa tena. Luxor, Misri, litafunikwa lote. Kwetu litamegwa sehemu tu. Mwalimu, programu hii inaingia kwenye flashi moja na kuhudumia shule nzima. Iweke sasa, wanafunzi wajue saa ya tukio, na utafute mapema miwani maalumu ya kutazamia jua. Bila miwani hiyo, asiliangalie mtu.