Burse ya doktora si zawadi, ni mapatano



Kila mara kijana wa kwetu akipata burse ya doktora, jamaa wanafurahi, picha inazunguka ku simu. Ni vizuri. Lakini ni nani anauliza: huyu ndugu atafundishwa nini, na nani, kwa muda gani?

Wengi wanafikiri doktora ni kuandika kitabu kinene, basi. Hapana. Ni kujifunza kazi ya utafiti: kupanga swali, kukusanya habari bila kudanganya watu, kuhakikisha hesabu, kuandika makala, kufundisha wengine. Hayo hayaanguki toka mbinguni. Mtu anafundishwa.

Mwaka 2005, vyuo vikuu vya Ulaya vilikutana Salzburg, kule Austria, vikapatana kwamba doktora ya wakati wote ichukue kwa kawaida miaka 3 ao 4, na kwamba mwanafunzi, promotere na chuo wawe na mapatano wazi: kila mmoja ajue mzigo wake.

Na sisi? Sheria ya elimu ya mwaka 2014 ilituletea LMD: lisansi, masta, doktora. Ku karatasi ni sawa. Lakini mimi mwenye kuandika, niko na diplome na sina kazi, niliona asistanti mmoja pale nilisoma. Anafundisha pa nafasi ya profesa, anasahihisha mitihani yake, na promotere wake anamuonea tu mu kolidori. Miaka inapita, kitabu kiko pale pale. Akiuliza, wanamujibu: «Vumilia, na sisi tulipita humo.»

Kuvumilia si programu ya masomo! Na hasara si yake peke yake. Huyo ndiye atafundisha wadogo wetu kesho. Tunajua wote somo la saa 45 linalomalizwa kwa juma moja, juu profesa mgeni iko na haraka ya kurudi Kinshasa. Bila madaktari wapya waliofundishwa vizuri, tutaendelea hivyo.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila burse iende na mapatano ya maandishi: masomo gani, promotere atamuona mwanafunzi mara ngapi, na nani atasikiliza malalamiko.

2. Saa za kufundisha na kusahihisha zihesabiwe na zilipwe. Zisikule wakati wa utafiti.

3. Feza ya burse ifike mpaka ku maabara na ku safari za utafiti, isiishie ku chakula na nyumba tu.

4. Akimaliza, akute nafasi ya kufundisha, isiyotolewa kwa undugu.

Na ninyi wenye burse, tunawaambia pia: mutoe ripoti ya kazi yenu, na matokeo muyarudishe kwa wale wakulima na wamama waliojibu maswali yenu. Walitoa wakati wao bure.

Elimu ni haki. Haiombwi kwa kupiga magoti.